Meza Tatu Alizozikataa Mwalimu

Jambo lote liligharimu shilingi laki sita na elfu arobaini, kitanda kimoja cha chuma cha bweni, mnyororo wa plau, miti tisa ya kuegemezea migomba, na kamisheni yangu, ambayo siitaji kiasi chake kwa sababu haikuwahi kufika mfukoni. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau mkaa.

Aliyetuingiza katika gharama hizo alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha kitu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alikaa Olmotonyi, kwenye shamba la kahawa na migomba, na alishuka mjini kila alipotaka kugombana na mtu anayefaa. Mimi nilikuwa nafaa. Nina duka Levolosi, nauza spika, vinanda na dramu zilizotumika. Nisichokuwa nacho namtafutia mteja, nakula katikati.

Alikuwa na mwili mdogo, buti za mvua hata kiangazi, na sweta ya kijani iliyobaki kutoka enzi zake za shule. Akiingia dukani alianza kwa kugonga. Aligonga kila kitu kwa kifundo cha kidole: spika, kaunta, mlango. Siku moja alinigonga mimi kifuani akasema nina kikohozi. Nilikuwa nacho.

Kupatana naye bei ilikuwa adhabu, kwa sababu hakutaja bei.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hii spika imelia sana huko ilikotoka."

"Mpya kabisa hii, Mwalimu. Imetoka kwenye boksi."

"Boksi la nani?"

Halafu angenyamaza. Nimeshapatana na Wachaga, Wasomali na mapadri, na wote mwishowe husema kitu, nawe ukapata pa kushikia. Mwalimu alikuwa anakaa kwenye kiti changu cha wateja, anapiga magoti yake kwa vidole, pole pole, mpaka unasikia duka lote linaenda kwa mwendo wake, nawe mwenyewe unaanza kushusha. Ningeshusha mara ya kwanza, ningeshusha mara ya pili, ndipo angesema, "Basi, usijiumize."

Wanakwaya wake aliwakataza kupaza sauti. Mungu hana tatizo la masikio, alisema. Lakini yeye mwenyewe akipiga ngoma pale nyumbani kuku wa majirani walihama. Aliyechelewa mazoezi alifungiwa nje, hata awe mwimbaji wa solo. Naye Mwalimu alifika amechelewa karibu kila wiki, kwa sababu njiani hakuweza kupita lori bovu bila kusimama kusikiliza injini yake. Wanakwaya walimngoja nje na funguo mkononi, maana hakuna aliyeruhusiwa kuingia kabla yake.

Na ukimwambia kitu hakiwezekani, hakubisha. Aliuliza, "Nani alijaribu akashindwa? Nipe jina nikamwone."

Sasa, ngoma. Usharika ulikuwa na ngoma tatu za gogo la mringaringa, za zamani, kubwa kupita kiasi. Ile kubwa kuliko zote, mtu mzima akiikumbatia vidole vyake havikutani. Tulikuwa tunaziita Kubwa, ya Kati na Ndogo, na hiyo Ndogo haikuenea kwenye mlango wa duka langu. Tangu kanisa linunue kinanda chenye midundo ya ndani, zilikuwa stoo pamoja na viti vilivyovunjika.

Hapo ndipo mimi nilipoingia. Hoteli moja ya watalii ilinitafuta, ikataka vitu vikubwa vya asili. Nikamwendea Katibu wa wazee wa kanisa, mtu mnyoofu, mwenye suti moja ya kahawia na imani kwamba kitu kisichotumika ni dhambi ndogo. Akaliitisha baraza. Mwalimu hakualikwa, akaja.

"Zinaliwa na panya," Katibu alisema. "Paa linavuja, hoteli ina fedha mkononi. Mimi sioni mjadala."

"Hoteli inazitakia nini?" Mwalimu akauliza.

Katibu akanitazama mimi. Nikaeleza kwa sauti yangu ya biashara kwamba zitakatwa katikati, ziwekewe vioo juu, ziwe meza za wageni kunywea kahawa.

"Kahawa nailima mimi," alisema. "Sijaisikia ikiomba meza ya namna hiyo."

Wazee wakacheka kidogo. Katibu hakucheka. "Mwalimu, ngoma hizi zilipigwa na wanaume watatu, kila mmoja amesimama na yake. Wawili tumewazika. Wa tatu ni mimi, na mgongo wangu mnaujua. Nani atazipiga?"

"Mimi."

"Ipi?"

"Zote. Nimekaa."

Sasa walicheka kweli. Alingoja wamalize, akapiga magoti yake kwa vidole, nami nikajua kikao kimekwisha. Wakakubaliana hivi: Jumapili ya Mavuno azipige zote tatu, mtu mmoja, ibada nzima, pasipo kitu kuanguka. Akiweza, zinabaki kanisani na zinabaki ngoma. Akishindwa, Jumatatu hoteli ilete gari.

Nje akanishika mkono. "Wewe unauza stendi za dramu?"

"Nauza."

"Niletee."

Nikampelekea, na nikamtoza bei kamili. Sikuona kosa. Nilikuwa na uhakika wa kupata pande zote mbili.

Stendi ya kawaida ya dramu imetengenezwa kubeba kitu cha ukubwa wa sufuria ya familia. Ndogo ilikuwa sufuria ya harusi. Tuliipandisha uani kwa Mwalimu, mimi na Lemburis, fundi wa kuchomelea aliye jirani na duka langu. Stendi ikainama taratibu, kwa heshima, mpaka ngoma ikakaa chini yenyewe.

"Imetoa shikamoo," Lemburis akasema.

Mwalimu hakutabasamu. "Ya pili."

Ya pili Lemburis aliijenga kwa kitanda cha chuma cha bweni na mikanda ya chuma iliyoizunguka ngoma na kubanwa kwa bolti. Ilisimama. Ungeweza kuipandia. Mwalimu akaketi, akapiga, na Ndogo ikatoa sauti kama mtu anayegongewa mlango na hataki kufungua.

"Umeishika koo, baba."

"Yeyo, nisipoibana itaanguka." Lemburis ni Mwarusha, alimwita yeyo, yaani mama.

"Ukiibana haitaanguka, na haitasema. Basi hiyo ni meza."

Tulikunywa chai tukiwa tumenuniana. Mbele yetu kulikuwa na mgomba uliobeba mkungu mkubwa, umeinama. Huku mlimani mgomba wa namna hiyo huegemezwa kwa miti yenye panda, mmoja upande huu, mmoja upande ule, hakuna msumari wala kamba ya kukaza. Mti unabeba uzito, mgomba unaendelea kutikisika na upepo. Mwalimu alikuwa ameegemeza migomba maisha yake yote. Aliutazama ule mkungu mpaka chai yake ikapoa.

"Huu nani ameubana?" akauliza.

 Akaingia shambani na panga, akarudi anaburuta mti wenye panda.

Hivyo ndivyo zilivyopandishwa. Kile kitanda kililazwa chini kiwe msingi. Miti minne kwa Ndogo, minne kwa ya Kati, wa tisa kwa matoazi ya kwaya. Miguu ya miti ilipenya kwenye fremu ya kitanda, na katika panda za juu zilipita kamba za ngozi mbichi, na ngoma zikalala katika kamba hizo kama mtoto mgongoni. Alipopiga Ndogo safari hii, Lemburis alirudi nyuma hatua moja akatazama juu, kama mtu aliyedhani ni radi.

Kubwa haikuning'inia popote. Hiyo ililazwa ubavu, uso wake ukimtazama Mwalimu, na mbele yake Lemburis akaweka kikanyagio cha cherehani kuukuu, akakiungia rungu lililofungwa mpira wa tairi na matambara. Ukikanyaga, rungu linapiga.

Na hapo neno likatuponza. Lemburis aliporudi mjini aliwasimulia watu kazi yake, akasema, kama fundi yeyote angesema, kwamba ile kubwa itakuwa inapigwa teke. Kesho yake Katibu alipanda Olmotonyi na suti yake ya kahawia.

"Nimesikia ngoma ya usharika itapigwa teke."

"Itakanyagwa," Mwalimu akasema. "Karibu chai."

"Teke ni teke, Mwalimu. Ngoma hii iliwaita watu ibadani kabla kengele haijanunuliwa. Baba yangu alikuwa anavua kofia akipita mbele yake. Leo umeilaza kama ng'ombe wa kuchinjwa. Ningeiuza ikawa meza, ingalau meza haipigwi na mtu."

Nilimwangalia Mwalimu. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu amempata. Aligonga kikombe kwa ukucha.

"Joho la mchungaji alilishona nani?"

"Mke wangu. Unajua."

"Kwa cherehani ya namna gani?"

Katibu akakitazama kile kikanyagio mbele ya Kubwa, akakitambua ni jamaa ya kile cha nyumbani kwake. 

"Kwa hiyo joho limepigwa mateke kuanzia kola mpaka pindo," Mwalimu akasema, "na mchungaji analivaa akitubariki."

Katibu aliondoka bila kugusa chai. Anayeishi huku anajua uzito wa jambo hilo. Mimi nilimsindikiza kwa macho nikicheka mpaka akapotea, lakini nilipogeuka nilimkuta Mwalimu amekaa kwenye kiti chake, anavua buti.

"Ana haki," akasema. "Si yote. Sehemu. Buti ni teke. Mguu mtupu ni kiganja."

Tangu siku hiyo alipiga peku. Hakumpelekea Katibu habari, wala hakutaka mimi nimpelekee. Alisema hakuvua kwa ajili yake.

Shida ya mwisho ilitoka juu. Ngozi za zamani zilikuwa zimechakaa, mpya tulizinunua Oldonyo Sambu, upande wa pili wa Mlima Meru, ambako kuna ng'ombe wengi na bei inasikiliza. Nilizipatana mwenyewe. Nikafanya ujanja zaidi: nikapeleka na ngoma zenyewe, nikawaambia wazikaze huko huko, kuna jua, kuna wazee wanaojua kazi hiyo. Zilikazwa zikawa zinaita hata ukizipigia kidole. Tukazileta Olmotonyi, na asubuhi ukungu ulipoteremka kutoka msituni zilikuwa zimelegea kama godoro. Ngozi iliyokazwa kule kukavu haijui ukungu wa upande huu. Mwalimu alizigonga moja moja, akanigonga na mimi begani.

"Umenunua ngozi za jua."

"Tuzirudishe?"

"Tuzipe jua."

Alimaanisha moto. Ngoma huamshwa kwa moto, hilo linajulikana, lakini hizi zilikuwa zimeshapandishwa. Kwa ile mikanda ya chuma na bolti tungefungua kutwa nzima. Kwa kamba na panda, ilikuwa ni kusogeza jiko la mkaa chini yake na kungoja.

Jumapili ya Mavuno kukawa na manyunyu. Madhabahuni palijaa ndizi, mahindi, maboga, kuku waliofungwa miguu, na pembeni mwa kwaya, kama kibanda kilichosahauliwa na wajenzi, miti tisa, ngoma tatu, na majiko mawili yanayowaka. Mzee mmoja aliyagundua akamwita Katibu. Katibu akaenda kwa mwendo wa suti.

"Mwalimu, moto kanisani?"

"Ule pale juu ya madhabahu ni nini?"

"Ile ni mishumaa."

"Na haya ni majiko. Kaa, Katibu, tunaanza."

Alianza. Sitaeleza muziki, mimi nauza vyombo, sijui kuvisifu bila kutaja bei. Nitasema tu nilikuwa nimekaa kiti cha pili na meneja wa hoteli, niliyemleta mwenyewe aone mali yake, na kwenye wimbo wa pili meneja aliacha kuangalia simu. Wale mabibi wa viti vya mbele, waliokuwa wasichana wakati ngoma zile zinapigwa na wanaume watatu, walisimama bila kuambiwa na mtu.

Tatizo lilikuja kwenye sadaka. Ngoma inayopigwa kwa mguu hutembea. Kila pigo linaisukuma mbele kidogo. Kubwa tulikuwa tumeifunga kwa mnyororo wa plau kwenye kiti cha Mwalimu, ili uzito wake uishikilie. Uani, juu ya udongo, ilitosha. Kwenye saruji iliyopigwa nta, uzito wake haukutosha hata robo. Watu wanapita na vikapu, wimbo umepamba moto, na Kubwa inaelekea ngazi za madhabahu ikimvuta Mwalimu na kiti chake nyuma yake, pole pole, kama maksai anayerudi nyumbani. Naye hakuacha kupiga. Kadiri ilivyomvuta mbali na Ndogo ndivyo alivyonyoosha mkono zaidi. Nikaona mkono utafika mwisho. Nikaona ngazi. Ikifika ngazi inaanguka, na imeandikwa pasipo kitu kuanguka.

Meneja akaninong'oneza, "Hiyo si itavunjika?"

Nilihesabu. Kamisheni ya ngoma tatu. Nikahesabu tena. Halafu nikainuka, nikapita katikati ya watu wenye maboga, nikaketi chini mbele ya Kubwa, mgongo kwenye gogo, miguu kwenye ngazi, na nikabaki hapo mpaka baraka ya mwisho. Kila pigo lilinipita mbavuni. Kikohozi changu cha miaka kilipona au kiliogopa, sijui.

Nje, mvua imekatika, wazee walikusanyika. Katibu alikuwa amekunja mikono.

"Tulisema mtu mmoja," alisema. "Wewe ulipiga, huyu alishikilia. Hao ni wawili."

"Kinanda chenu kinakaa juu ya nini?" Mwalimu akauliza. Alikuwa bado peku, nyayo nyeusi.

"Juu ya meza."

"Meza mnaihesabu kwenye kwaya?"

Katibu akawageukia wazee.

"Basi. Leo meza yangu ilikuwa dalali."

Mabibi wa viti vya mbele ndio walioanza kucheka, na mzee aliyechekwa na mabibi hao, huku kwetu hana pa kukatia rufaa. Katibu alishusha mikono. Akatazama chini, akaona miguu ya Mwalimu ile mitupu, akaitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Ngoma zirudi ndani," alisema. "Si stoo. Ndani." Hakumwomba radhi, naye Mwalimu hakuitaka. Mimi ndiye ambaye Katibu hajanisamehe mpaka leo. Akinipita ananisalimu nusu: anasema "Bwana asifiwe," hangoji jibu.

Paa bado linavuja upande wa kina baba. Hilo niliseme, kwa sababu wapo wanaolitaja kila mvua, na hawakosei.

Mwalimu amezipiga tangu hapo kila Jumapili. Amewafundisha wanawake wawili wa kwaya kuzipiga, kwa ukali ule ule, akiwafungia nje wakichelewa. Mmoja aliwahi kumwomba waweke ngoma ndogo zaidi, za dukani, mkono ufike kwa urahisi. Alijibiwa kwamba mkono ndio unaorefuka.

Mwezi uliopita alikuja dukani. Nilimsikia kabla ya kumwona, na nilichosikia hakikuwa kifundo cha kidole. Ilikuwa fimbo, inagonga lami. Aliketi kwenye kiti cha wateja akanyoosha mguu wa kulia mbele, haukunjiki.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole na mguu."

"Marahaba. Daktari anasema goti limekwisha. Anasema mguu huu usikanyage kitu tena. Wala cherehani."

 Nilimwagizia chai. Nikawaza wale wanawake wawili, kwamba labda amekuja niwatafutie dramu za dukani sasa, za kawaida, zenye stendi zao. Nilikuwa nazo seti mbili, na ninaona aibu kidogo kusema kwamba bei yake ilinijia kichwani yenyewe.

"Wale dada wanaweza kuendelea," nikasema kwa uangalifu. "Wewe ukakaa ukawasikiliza."

"Wataendelea. Zamu zao." Aligonga kaunta yangu, mara moja, akasikiliza. "Mimi nina mguu mwingine."

"Mwalimu, kila kitu pale kimejengwa kwa mguu wa kulia. Kikanyagio, rungu, Kubwa yenyewe imelala upande huo. Ndogo iko kushoto, ya Kati iko kulia, miti yote tisa imefuata hivyo. Ukigeuza kimoja unageuza vyote. Na una miaka..."

"Ni nani alijaribu akashindwa?"

Chai ikafika, nikamsogezea kikombe.

"Lemburis nimeshamwambia. Anakuja Jumamosi na msumeno," alisema, akainua kikombe, akapuliza. "Sikuja kukuuliza kama inawezekana, baba. Wewe ndiye uliyekaa chini ukiishikilia, unajua uzito uko wapi kuliko mimi. Nipe ushauri: tuanze kuhamisha ipi, Kubwa au ya Kati?"